Mkwe Asiyefokewa

Katika familia ya mkewe, Taratibu alikuwa mtu pekee ambaye hajawahi kufokewa, na jambo hilo lilimkosesha raha.

Najua wengine mtashangaa. Wapo wanaume ambao wangefanya sherehe wakipata mama mkwe mpole. Lakini hamumjui mama huyu. Kwa zaidi ya miaka thelathini alifundisha watu kuendesha gari, ameketi kiti cha pembeni, mguu juu ya breki yake ya pili, sauti inasikika hadi mtaa wa nyuma. Aliwafokea madaktari, aliwafokea viongozi wa dini, na aliwahi kumfokea askari wa barabarani aliyewasimamisha wakati mwanafunzi anajifunza kupanda kilima. Mji mzima ulimwita Breki. Nyumbani mambo yalikuwa hayo hayo. Ukiwa mtoto wake utafokewa kwa kuacha geti wazi, utafokewa kwa kukonda, utafokewa kwa kunenepa, kisha utapakuliwa chakula. Asiyefokewa pale ni mgeni.

Na Taratibu alikuwa mgeni. Akifika anavutiwa kile kiti chenye mto, anapewa kikombe chenye kisahani, anaulizwa habari za kazi. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba. Karibu sana." Hiyo "sana" ndiyo iliyomuumiza. Mwenzake, mwalimu wa shule aliyeoa dada wa mkewe, hakumaliza hata mwaka kabla hajakaripiwa mbele za watu kwa kuegesha gari juu ya maua. Mwalimu aliondoka pale amenuna. Taratibu akabaki kumtazama kwa wivu.

"Labda anakuheshimu," mkewe alimwambia.

"Sitaki kuheshimiwa. Nataka kuwa mtoto wa nyumba ile."

"Basi na wewe egesha juu ya maua."

Alijaribu. Mama mkwe alitoka nje, akatazama gurudumu lililolala juu ya maua yake, akasema, "Hapo umefanya vizuri, baba, pana kivuli."

Kwa kazi Taratibu alikuwa fundi bodi. Alianza utotoni kwa kunyoosha sufuria za majirani zilizobonyea, akahamia kwenye ndoo, akahamia kwenye madigadi ya baiskeli, mwisho akafika kwenye magari na hapo akatulia. Jina alilipata kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila mteja mwenye haraka. Karakana yake ilikuwa banda refu la mabati, sakafu nyeusi kwa oili. Nusu ilikuwa yake, nusu ya rafiki yake aliyeitwa Mpaka Rangi, mtu wa maneno mengi na kofia yenye kila rangi aliyowahi kuipuliza.

Wawili hao walielewana kwa yote isipokuwa kutu. Mpaka Rangi aliamini kutu ni kitu cha kufunikwa. Unapitisha msasa, unajaza puti, ule ute mzito wa kuzibia mashimo, unapuliza rangi, gari linatoka linang'aa na mwenyewe anafurahi hadi mvua zianze. Taratibu alikuwa hawezi. Alikwangua mpaka chuma kionekane cheupe, na pale ambapo chuma hakipo tena, alikata hadi kinapoanza. Kutu iliyofunikwa ilimnyima usingizi hata kama gari si lake.

Siku moja shemeji yake, kaka wa mkewe, akatangaza kwamba lile gari la mama lililokaa uani tangu mama astaafu liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa sababu kuku wameanza kutaga ndani. Lilikuwa gari dogo la zamani la buluu, taa za mviringo, milango miwili mikubwa, na bado lilikuwa na ile breki ya pili mbele ya kiti cha mwalimu. Shemeji alifokewa hadi majirani wakatoka nje. Baada ya hapo mama akamgeukia Taratibu, sauti ikashuka, ikawa ile ya wageni. "Kama unaweza kulitazama, baba. Kama haliwezekani, usijisumbue."

"Linawezekana, mama," Taratibu alisema kabla hajainama hata kulitazama chini. Fundi mwenye akili zake hafanyi hivyo. Lakini alikuwa ameona mlango, nao si wa gari. Akilifufua gari lile, alijiambia, hatakuwa mgeni tena.

Walilivuta hadi karakana, wakawatoa kuku, na Taratibu akalala chini yake na bisibisi. Kuna sehemu chini ya milango, ule ubavu wa chini unaopita kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Ndio unaolibeba gari la namna hiyo. Hauonekani sana, lakini ukioza, kila kitu kinalegea. Aligusa ubavu wa kulia, bisibisi ikaingia hadi mpini. Aligusa wa kushoto, kipande kikamdondokea usoni. Ndani alikuta kazi ya fundi wa zamani: magazeti yaliyokunjwa, puti ngumu, na bati la kopo la maziwa lililogongomewa mahali pa chuma.

"Mwenzako huyo alikuwa msanii," Mpaka Rangi alisema.

"Huyo alikuwa mpaka rangi," Taratibu alimjibu kutoka chini.

Ubavu wote wa pande mbili ilibidi ukatwe, na kwa kazi hiyo kuna desturi ambayo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaijua. Kabla hujakata, unakingamisha vyuma kwenye nafasi ya mlango, unavichomelea pembe hadi pembe, ili gari lisijikunje wakati halina mbavu. Taratibu alifanya hivyo. Alitoa milango, akachomelea vyuma vyake viwili kila upande, akapima kwa utepe, akapima tena, kisha akawasha grenda. Alikata hadi kutu ikaisha na cheche zikaanza kuruka nyeupe. Lilikuwa limebaki mifupa mitupu juu ya stendi zake, lakini lilisimama wima.

Kesho yake mama mkwe akaja kuona.

Alikuja na mkoba wake, miwani yake, na chai kwenye chupa. Alilizunguka gari mara moja, akafika upande wa kiti chake cha siku zote, akasimama mbele ya vile vyuma viwili vilivyokatiza mlangoni. Alitazama vyuma, akatazama kiti, akashusha pumzi. "Basi, baba," alisema kwa upole, "nilitaka tu kukaa kidogo."

Hapa ndipo fundi wangu alipopoteza akili. Ukutani kwake palikuwa na kibao alichokiandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, kinachokataza mteja yeyote kuingia ndani ya gari linalotengenezwa. Alishawahi kumtoa mkuu wa kituo cha polisi kwa kibao hicho hicho. Lakini huyu ni mama mkwe, na mama mkwe amesema anataka kukaa. Taratibu akachukua grenda, akakata vyuma vyake mwenyewe pande zote mbili, akapangusa kiti kwa shati lake, akamsaidia mama kupanda.

Mpaka Rangi aliacha kuchanganya rangi. "Umefanya nini?"

"Ni kwa muda mfupi tu."

Ulikuwa muda mrefu. Mama alikuja kesho yake, na kesho kutwa. Alikaa pale mkoba mapajani, mbele yake hakuna kioo, kuna ukuta, na alionekana mtu aliyefika anakokwenda. Na jambo jipya likatokea: alianza kuzungumza. Sio zile habari za kazi na habari za watoto. Alimhadithia Taratibu jinsi mwanafunzi mmoja alivyoingiza gari ndani ya duka la nguo wakatoka na shela juu ya boneti. Alimhadithia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfelisha marehemu mumewe kwenye jaribio la udereva, mume akarudia, akamfelisha tena, ndipo wakaoana. Taratibu alicheka huku anakunja bati jipya. Hakuwahi kupewa maneno mengi hivyo kwenye kile kiti chenye mto. Akaushikiza ubavu wa upande wa mama kwa moto, nukta baada ya nukta, mama akiwa juu yake amefumba macho yasiharibiwe na mwanga, na alikuwa na furaha kama mtu aliyerudi kwao.

Alipomaliza, mama alishuka, akaenda zake nje kunywa chai. Taratibu akauchukua mlango wa upande ule, akautundika kwenye bawaba zake, akausukuma.

Haukufunga. Juu uligonga, chini uliacha nafasi ya kupitisha kidole. Akalegeza bawaba, akakaza, akapandisha, akashusha. Wapi! Akadhani mlango umepinda, akaupima, mlango ulikuwa mzima. Akauondoa, akahamia upande wa pili ambao ulikuwa bado wazi, akaweka bati jipya mahali pake na kupiga mistari miwili ya chaki, mmoja kwenye bati na mmoja kwenye nguzo ya mlango, ikielekeana sawasawa.

Mama akarudi na chai yake, akapanda. Mistari ikaachana.

Taratibu akafuta macho. "Samahani, mama, naomba ushuke mara moja nichukue kipimo." Mama akashuka, mistari ikakutana. "Asante, mama, karibu." Mama akapanda, mistari ikaachana tena, na gari likatoa mlio mdogo katikati ya tumbo. Nyuma yake Mpaka Rangi alikuwa amejifunika uso kwa kofia na mabega yanamtikisika.

Mambo yakawa wazi kabisa. Mama mkwe alikuwa mama wa afya, tuseme hivyo. Gari lisilo na mbavu, lisilo na vyuma vya kukingama, lilikuwa likibonyea kila anapoketi, na Taratibu alikuwa ameuchomelea ubavu mzima likiwa limebonyea. Kosa lilikuwa lake, mia kwa mia. Lakini kulirekebisha ilibidi akate tena, arudishe vyuma, na amwambie mama asikae. Na mama akiuliza kwa nini, amwambie nini?

"Usiseme kitu," Mpaka Rangi alimshauri walipokuwa peke yao. "Choma na huku hivyo hivyo. Mlango tunausugua juu, chini tunajaza puti, napuliza rangi. Nani atajua?"

"Puti chini ya mlango itapasuka."

"Baadaye sana! Hapo utakuwa umeshakuwa kipenzi cha mama."

Sitaficha, Taratibu aliliwaza. Alirudi nyumbani akaliwaza mbele ya chakula, mkewe akamtazama. Alichokitaka miaka yote kilikuwa kimeanza kuja chenyewe, kimeketi kwenye kile kiti kinahadithia. Akisema ukweli, kitashuka na mkoba wake kiondoke. Mkwe gani anamwambia mama wa mkewe kwamba ni mzito? Lakini kulipaka puti gari lile lilikuwa jambo ambalo mikono yake ilikataa kabla ya kichwa.

Akachagua njia ya katikati, yaani njia ya waoga. Akamwambia mama kwamba cheche zitamuunguza. Mama akaja na blanketi. Akamwambia harufu ya dawa ya kutu ni mbaya kwa kifua. Mama akajifunga kitambaa puani. Akamwambia ameona panya chini ya kiti. Mama akasema, "Mwache, baba, naye ni kiumbe," akaketi, na gari likatoa mlio.

"Kazi inaendaje?" mama akauliza siku hiyo. "Naona huchomelei."

"Inaenda, mama."

"Mbona mlango hauko mahali pake?"

"Kuna tatizo dogo."

"Tatizo gani?"

Taratibu aliweka nyundo chini. Alitazama chaki, akatazama kibao chake ukutani. Mpaka Rangi, ambaye hakuna siku aliyowahi kukosa la kusema, alitoka nje kimyakimya.

"Mama, kila ukiketi, gari linabonyea. Mimi nimelichomelea likiwa limebonyea, ndiyo maana mlango haufungi. Ni kwa sababu ya..." Alifuta mikono kwenye suruali. "Ni kwa sababu ya uzito wako, mama."

"Uzito wangu."

"Ndiyo, mama."

"Mimi."

"Na kiti nacho," Taratibu aliongeza kwa haraka, "kiti nacho ni kizito."

Mama mkwe alifunga mkoba wake. Alishuka polepole, akakataa mkono aliopewa, akajinyoosha gauni. "Asante kwa kuniambia, baba," alisema kwa sauti ile ile ya kikombe chenye kisahani, akaondoka.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Mama hakuja. Taratibu alikata nukta zote za moto alizochomelea, akarudisha vyuma vya kukingama, akapima pembe hadi pembe mpaka utepe ukakubali. Alichomelea kidogo huku, akahamia kule, akaacha chuma kipoe, akarudi, ili moto usikipinde. Alisugua maungio mpaka kidole kikapita bila kukwama, akapaka praima, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ndani na nje, hata kule ambako hakuna jicho litakalofika. Kazi ilikuwa safi, labda safi kuliko zote alizowahi kufanya, lakini aliifanya kwa huzuni. Kila jioni alimtuma mkewe na salamu, na kila jioni mkewe alirudi na jibu moja: mama anasema asante. Kwenda mwenyewe alishindwa. Angeketi kwenye kiti gani?

Aliitundika milango asubuhi moja tulivu. Alishika wa upande wa mama, akausukuma kwa kidole kimoja. Ukajifunga wenyewe, ukalia mlio mmoja mdogo mtamu ambao mafundi bodi wanaujua. Akafungua, akafunga. Mpaka Rangi akaja, naye akafungua, akafunga. "Nimeudhika," alisema. "Hapa hakuna hata pa kuweka puti."

Ndipo waliposikia mkoba ukiwekwa juu ya meza ya zana.

Mama mkwe hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akafungua mlango, akafunga. Akafungua, akaufunga kwa nguvu, akausikiliza. Akainama, kwa shida, akapitisha kiganja kwenye ubavu mpya wa chini. Alipoinuka alikuwa amekunja uso, na kidole kimoja kilikuwa kimeshapanda juu.

"Hivi wewe mtoto una akili timamu?"

Taratibu alidhani anaambiwa Mpaka Rangi.

"Nakuuliza wewe! Huyu rafiki yako kanieleza yote. Fundi mzima, ndevu zimeanza mvi, umeweka vyuma vya kushikilia gari, halafu unavikata kwa mkono wako kwa sababu mama mkwe kaja na mkoba? Ningekuja na kitanda, si ungebomoa na paa?"

"Mama, mimi..."

"Usinikatize! Unajua fika kwamba ni mimi, unaniambia cheche. Unaniambia harufu. Unaniambia panya! Mtu akikosea ndani ya gari anaambiwa pale pale, haungojwi ukuta ufike! Miaka thelathini nawaambia watu hivyo, wewe unaishi na binti yangu hujasikia?" Mkono ukapiga boneti. "Na ukishasema ukweli wako, unajificha! Nimekaa nyumbani nakungoja uje, chai inapoa, inapikwa nyingine, inapoa. Ananitumia salamu na mke wake kama balozi! Na tazama ulivyokonda. Fundi gani anayekonda? Nani alikuambia bati linakunjwa na mifupa?"

Watu wa duka la jirani walikuwa wameshasimama nje. Mpaka Rangi, kwa huruma, alimnong'oneza, "Vumilia, ndugu yangu." Lakini Taratibu hakuwa akivumilia chochote. Alikuwa amesimama mikono imelegea, kichwa kimeinama kama inavyotakiwa, na macho yamejaa machozi ya mtu aliyeitwa ndani baada ya kusimama barazani muda mrefu sana. Alitamani mama asichoke.

Simu ikalia mfukoni. Alikuwa mkewe.

"Niko kwa mama, katoka hapa kanuna, hajasema anakwenda wapi," mkewe alisema kwa wasiwasi. "Yuko huko? Anasemaje?"

"Ananifokea."

"Anakufokea wewe?"

"Mimi. Tangu afike."

"Hongera, mume wangu," mkewe alisema.

"Na hiyo simu weka chini!" mama mkwe alipaza sauti, ameshafungua mlango na ameshaketi kwenye kiti chake, na gari halikutoa hata mlio. "Naongea na wewe!"